Kichwa kizuri, mzigo haupo: maisha mafupi ya injini za 9F

Tarehe 18 Machi 1960, katika karakana ya reli ya Swindon, watu walikusanyika kuzindua kichwa cha treni ambacho kila aliyekuwepo alijua ndicho cha mwisho. Baada ya hicho, shirika la reli la Uingereza halingejenga tena injini ya mvuke. Kilikuwa kichwa cha mizigo cha aina ya 9F, na vichwa vya mizigo vya nchi ile vilipakwa rangi nyeusi, basi. Hiki kilipakwa kijani ya treni za abiria, kikachorwa mistari, dohani yake ikavishwa pete ya shaba, kisha kikapewa jina, jambo ambalo ndugu zake 250 hawakufanyiwa na shirika hata mara moja. Jina lilipatikana kwa shindano la wafanyakazi wenyewe: Evening Star, yaani Zuhura, ile nyota inayong'aa magharibi jua likishazama. Waliolichagua hawakuwa na haja ya kufafanua.

Machi 1965 Zuhura ikaondolewa kazini. Miaka mitano tu. Zipo daladala Dar es Salaam zenye umri mara nne ya huo na bado konda anagonga bodi anaita abiria.

Hadithi inayosimuliwa kuhusu vichwa hivi, ambavyo kitaalamu viliitwa 9F, ni fupi na inaridhisha: mvuke ulipitwa na wakati, dizeli ikaja, chuma kikaenda kuyeyushwa. Mtu akikusimulia hivyo unaitikia kwa kichwa na kuendelea na chai yako. Mimi siikubali. Nikiangalia miaka ile kwa karibu naona watu walionunua vichwa, vya mvuke na vya dizeli, bila kukaa chini wakajiuliza vitavuta nini, kwa mabehewa gani, na kwa breki zipi. Kwa nini injini nzuri ilikufa mapema ni swali la mzigo kabla halijawa swali la injini.

Tuanze na aliyeiagiza. Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, na mambo ya mitambo akakabidhiwa Robert Riddles, mtu aliyeanza kama mwanagenzi kwenye karakana ya reli ya Crewe na ambaye wakati wa vita alisimamia ujenzi wa mamia ya vichwa vya jeshi, vya bei nafuu na visivyodeka. Hoja yake haikuwa ya mtu aliyezeeka na kupenda moshi. Uingereza ya wakati ule ilichimba zaidi ya tani milioni 200 za makaa kwa mwaka, ilhali mafuta yalitoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi iliyotoka vitani haikuwa nazo. Dizeli ilikuwa ghali kuinunua. Kwa hiyo, alisema, tujenge mvuke ulio rahisi kutunza, tuvuke nao hadi tutakapoweza kutandaza nyaya za umeme, na dizeli tuiruke. Chini yake zikabuniwa aina 12 za vichwa, vyote kwa pamoja 999. Aina ya mwisho, na kwa maoni ya wengi iliyo bora kuliko zote, ni 9F: 9 kwa daraja la nguvu, F kwa mizigo. Cha kwanza kilitoka Crewe Januari 1954, wakati Riddles mwenyewe alikuwa amekwisha kustaafu.

Kwa umbo, 9F ilikuwa na magurudumu 2 madogo mbele na 10 ya kusukuma. Kumi ni mengi. Sababu yake ni uzito: ukiugawa kwenye ekseli tano, kila ekseli inakanyaga reli kwa tani 15 na nusu hivi, na kichwa kinaweza kupita karibu kila njia ya nchi. Lakini magurudumu kumi yaliyofungwa kwenye fremu moja ngumu yanapata shida kwenye kona, kama mtu aliyebeba ngazi ndefu kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe. Dawa yake utaiona ukiinama ubavuni mwa injini hii na kutazama gurudumu la tatu, lile la katikati. Halina ule ukingo wa ndani unaoshika reli. Ni bapa kabisa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele na nyuma yanashika, la katikati linateleza juu ya chuma bila ubishi. Suluhisho la fundi, halina mbwembwe.

Halafu likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Magurudumu yale yalikuwa na kipenyo cha mita 1.52 tu, kipimo cha kuvuta makaa polepole. Lakini kichwa kilitulia mno kwenye mwendo, na madereva waliopewa 9F kwa dharura kuvuta treni za abiria wakagundua kuwa kinakimbia. Mwaka 1958 kimojawapo, namba 92184, kilipimwa kikiteremka na treni ya haraka kwa maili 90 kwa saa, yaani kilomita 145. Piga hesabu: gurudumu la ukubwa ule kwa mwendo ule linazunguka zaidi ya mara nane kwa kila sekunde, na pamoja nalo fito nzito za chuma zinazokwenda mbele na kurudi nyuma. Wakuu waliposikia, wakapiga marufuku. Walihofia uchakavu wa mashine.

Hata hivyo kipimo cha kichwa cha mizigo ni mzigo, na hapo mfano mzuri kuliko yote ni Consett. Mji huo wa kaskazini-mashariki ulikuwa na kiwanda cha chuma juu ya milima, wakati madini ya chuma yalishushwa melini huko Tyne Dock, chini pwani. Njia ya kupanda ilikuwa kali: mahali pengine kila mita 35 unapanda mita moja. Yakatengenezwa mabehewa maalumu ya tani 56 kila moja, yenye milango inayofunguliwa kwa nguvu ya hewa. Na vichwa kumi vya 9F vikafungiwa ubavuni pampu za hewa kwa ajili ya milango hiyo na si kwa kazi nyingine. Kimoja kilivuta mbele, kingine kilisukuma nyuma, na ilipofika kiwandani treni ilimwaga madini bila mtu kushika sepeto. Bandari, behewa, kichwa na kiwanda vilipangwa kama kitu kimoja. Pale hakuna aliyeuliza kama 9F inafaa. Ilifanya kazi hiyo hadi 1966.

Zingekuwa Consett nyingi, makala haya yasingekuwepo.

Kabla ya kufika penye kidonda niseme neno juu ya zile kumi zilizoharibiwa na ujanja. Namba 92020 hadi 92029, za mwaka 1955, zilijengwa kwa mfumo wa Mwitaliano Piero Crosti. Wazo lilikuwa kwamba moshi, badala ya kutoka moja kwa moja, urudishwe kupitia boila ndogo ya pili chini ya ile kubwa ili upashe maji moto kabla ya kutoka. Makaa yangepungua. Kwenye karatasi ni akili kweli. Kwenye reli, moshi uliopoa ndani ya boila ile ulichanganyika na unyevu ukawa tindikali ya salfa, ikala chuma. Na kwa kuwa dohani iliwekwa ubavuni, masizi yalimwendea dereva usoni. Faida ya makaa ilikuwa ndogo, fundi akachoka, na ndani ya miaka michache boila za pili zikafungwa zisitumike. Riddles anastahili lawama yake hapo, au tuseme ofisi yake: huwezi kusifia urahisi wa kutunza kisha ukaleta boila mbili kwenye kichwa kimoja.

Sasa kidonda. Januari 1955, wakati vichwa vya 9F vilivyokwisha kutoka karakana havizidi thelathini, ulitangazwa Mpango wa kuzifanya reli kuwa za kisasa. Paundi milioni 1,240. Mvuke utaondoka, dizeli na umeme vitaingia. Wapo wanaouita mpango huo ushindi wa akili juu ya mazoea. Lakini tazama mfuatano: mpango unasema mvuke basi, na baada yake karakana za Crewe na Swindon zinajenga 9F nyingine zaidi ya 200, hadi ile Zuhura ya 1960. Kitu kinachotarajiwa kuishi miaka 30 au 40 kinajengwa na watu waliokwisha kutia saini cheti chake cha kifo. Waliojitetea walisema dizeli zingechukua muda kufika, na treni haziwezi kusubiri. Ni kweli. Basi kwa nini zilipofika hazikusubiri 9F zimalize kazi yake?

Kwa sababu ya haraka. Mpango wenyewe ulikuwa na busara ndani yake: kwanza ziagizwe dizeli 174 za aina mbalimbali, zijaribiwe miaka mitatu, kisha zichaguliwe zinazofaa. Reli zilipoanza kupoteza fedha, majaribio hayakusubiriwa. Zikaagizwa mamia kwa mamia, za kampuni hii na ile, nyingine zikiwa bado hazijawahi kuvuta behewa. Na hapa ndipo nadharia ya mvuke kupitwa na wakati inaponishinda. Kati ya 1962 na 1965 zilijengwa dizeli 117 za aina iliyokuja kuitwa Class 17. Kufikia mwisho wa 1971 hakuna hata moja iliyobaki kazini. Mwaka 1964 na 1965 Swindon ileile ilijenga dizeli 56 za Class 14 kwa ajili ya kuhamisha mizigo midogo kati ya yadi na yadi. Zilipotoka, mizigo midogo ilikuwa inatoweka, na 1969 zote zilikuwa zimeondolewa, nyingi zikauzwa kwa migodi ya makaa na viwanda vya chuma. Dizeli zilizoishi maisha mafupi kuliko 9F! Kama ugonjwa ulikuwa mvuke, hizi zilikufa na nini?

Nadhani jibu liko nyuma ya kichwa, kwenye mabehewa. Reli za taifa zilirithi mabehewa ya mizigo zaidi ya milioni moja, mengi yakiwa visanduku vya mbao vya magurudumu manne, vilivyounganishwa kwa mnyororo mlegevu. Mengi hayakuwa na breki ambayo dereva angeweza kuifunga. Yalikuwa na wenzo wa mkono pembeni, na treni ilipofika kwenye mteremko mkali ilibidi isimame, watu washuke, wafunge wenzo za behewa moja baada ya jingine. Mbele breki ya kichwa, nyuma kabisa breki ya behewa la gadi, na katikati mamia ya tani yanayosukumana yenyewe. Dereva wa treni ya namna hiyo hafikirii nguvu za kuvuta. Anafikiria atasimama vipi. Ndiyo maana treni nyingi za makaa zilitambaa kwa kilomita 40 kwa saa huku zikivutwa na mashine iliyothibitisha kuwa inaweza kwenda 145. Kumpa farasi wa mbio mkokoteni usio na breki ni kumdhalilisha farasi.

Dizeli zilipokuja zikakutana na mabehewa yaleyale. Tena kwao ilikuwa vibaya zaidi: 9F pamoja na behewa lake la makaa na maji ilikuwa na tani karibu 140 za kusaidia kushika breki, na dizeli nyingi zilikuwa nyepesi. Waingereza wakafanyaje? Wakachukua mabehewa ya zamani, wakayajaza chuma, wakayafungia breki, kisha wakayabandika kwenye dizeli zao mpya ili treni iweze kusimama. Nikiona picha za mashine zile za kisasa zikitangulizwa na lile dubwasha la chuma, sihitaji mchambuzi mwingine anieleze mpango wa 1955 ulikosea wapi.

Wakati huo mzigo ulikuwa unajiendea zake. Mei na Juni 1955 madereva waligoma kwa siku 17, na wenye bidhaa wakajua namba za simu za wenye malori. Wengi hawakurudi. Barabara kuu ya M1 ikafunguliwa Novemba 1959. Zile paundi milioni 1,240 zilijumuisha yadi kubwa za kupangia behewa moja moja, biashara ambayo lori lilikuwa linaiua, na baadhi ya yadi hizo zilikuwa magofu kabla hazijafikisha umri wa mtoto wa kumaliza shule. Machi 1963 ikatoka ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli, maarufu kwa kufunga stesheni. Kwa 9F kilichouma zaidi kilikuwa kufungwa kwa njia zenyewe na kukoma kwa treni zake. Treni za makaa za mwendo wa haraka kati ya Annesley na Woodford, ambako 9F zilifanya kazi kwa fahari tangu 1957, zilikoma 1965, na mwaka uliofuata njia yenyewe ikafungwa kwa sehemu kubwa. Uondoaji wa 9F ulianza Mei 1964. Za mwisho zilizimwa moto Juni 1968, wiki chache kabla mvuke wote haujasitishwa Agosti.

Haki itendeke: upande wa dizeli ulikuwa na hoja moja ambayo Riddles hakuwahi kuijibu vizuri, nayo ilikuwa ya watu. Injini ya mvuke inataka mtu wa kuiamsha saa kadhaa kabla ya safari, kuitoa majivu, kuisafisha mabomba, na mtu wa kutupia makaa tani kwa tani zamu nzima. Kwa 9F tatu walijaribu mashine ya kulisha makaa, ishara kwamba wabunifu wenyewe walijua beleshi na mgongo wa binadamu vina kikomo. Uingereza ya miaka ya 50 ilikuwa na ajira tele. Kijana wa Birmingham alikuwa na uchaguzi kati ya kiwanda cha magari chenye taa na mshahara wa maana, na kwenda saa tisa usiku kuingia ndani ya tanuru lenye joto kung'oa masizi. Wewe ungekwenda kwa mwajiri gani? Hiyo ni sababu halali ya kuacha mvuke. Si sababu ya kuvunja mashine ya miaka mitano na kuweka mahali pake mashine itakayodumu sita.

Kwa sisi wa huku ulinganisho tunao nyumbani. Miaka ileile, 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilileta Afrika Mashariki vichwa 34 vya Class 59, vile virefu vilivyokunja mwili kwenye kona kama jongoo, boila katikati na mitambo ya magurudumu miisho yote miwili. Tani 252, kwenye reli yenye upana wa mita moja, na nguvu ya kuvuta zaidi ya mara mbili ya 9F. Vilichoma mafuta, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Nchi ileile, zama zilezile, mvuke uleule. Lakini vichwa hivi vilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka hadi mwaka, na vya mwisho havikuzimwa hadi 1980.

Tofauti iko wapi? Mzigo ulijulikana. Bandari ilikuwa moja, reli moja, bara nzima hadi Uganda ikisubiri juu, na mabehewa yalikuwa na breki zinazotii mkono wa dereva. Kisha kila kichwa kilikuwa na wenyewe: madereva wawili na wasaidizi wao, wa kichwa hicho na si kingine, zamu hii wakiendesha, zamu ile wamelala kwenye behewa lao nyuma. Mtu anayejua kuwa kesho ni yeye tena hukisugua shaba kichwa chake. 9F za miaka ya mwisho zilikuwa yatima, kila zamu mtu mpya, namba zenyewe hazisomeki kwa masizi. Mount Gelai na Mount Shengena bado zimesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na mtu wa Same akiusoma ule ubao wa pili atatabasamu, maana Shengena ni kilele cha kwao Upareni.

Kati ya 9F 251 zimesalia tisa. Saba kati yake ziliokolewa kutoka yadi moja ya skrepa huko Barry, Wales, ambako mwenye yadi alikuwa na kazi ya kuvunja mabehewa kwanza na vichwa vikamngojea. Zuhura ilichukuliwa na taifa. Ya tisa, namba 92203, ilinunuliwa mwaka 1967 ikitoka kazini moja kwa moja na mchoraji David Shepherd, na huyu ni jamaa wa huku kwa namna yake. Alikuja Kenya kijana akitaka kuwa askari wa wanyamapori, wakamkataa, akafanya kazi ya mapokezi hotelini Malindi na kuchora ndege ili apate nauli ya meli ya kurudi kwao. Baadaye tembo wake wa rangi wakamtajirisha, na fedha za tembo ndizo zilizolipia kichwa cha treni chenye umri wa miaka minane.

Septemba 1982, kwenye machimbo ya mawe ya Foster Yeoman huko Merehead, Somerset, kichwa hicho cha Shepherd kilifungwa kwenye treni ya tani 2,178, nzito kuliko yoyote iliyowahi kuvutwa na kichwa kimoja cha mvuke Uingereza. Ikaondoka. Mwenye machimbo alikuwa na tatizo lake la kila siku: mawe yalikuwepo, mabehewa mazuri yenye breki alikuwa nayo, lakini vichwa alivyokodi kwa shirika la reli viliharibika ovyo. Basi akafanya ambalo halikuwa limefanywa na mwenye mzigo yeyote pale: akaenda kujinunulia vichwa vyake mwenyewe, dizeli nne kutoka Marekani, zilizochaguliwa kwa uzito wa mawe yake na miinuko ya njia yake. Zilifika 1986. Shirika likazipa namba ya aina, na kwa bahati tu ikawa Class 59. Zaidi ya miaka 30 baadaye zilikuwa bado zinavuta mawe.